Siku hizi mpiga hodi ni wewe

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi hapa Mombasa kwa wanafunzi wa saikolojia na ushauri nasaha wanaoingia kwenye mazoezi ya vitendo. Wengi hamkufika, wengine mlikuwa kazini, wengine mvua iliwazuia, na mmenisumbua wiki nzima niitume. Basi nimeiandika yote kama nilivyoisema. Habari za wateja nimezibadilisha hapa na pale ili wasijulikane.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na nyinyi mliokaa kule nyuma hamkuitikia yoyote, habari za asubuhi.

Jamani, nianze na swali rahisi. Mgeni akija kwenu, nani hupiga hodi? Mgeni, sivyo? Na nani husema karibu? Mwenyeji. Haya. Sasa niambieni, kwenye ofisi ya kaunsela, ile tuliyofundishwa darasani, mwenyeji nani? Mwenyeji ni wewe. Kiti ni chako, saa ya ukutani ni yako, boksi la tishu umeliweka wewe, feni umeiwasha wewe, mteja anakuja anapiga hodi anakaa pale ulipomuwekea akae. Tena tumefundishwa mpaka viti vikae upande upande visiangaliane sana, mwakumbuka? Mimi nilipata alama nzuri kwa kupanga viti.

Halafu ikaja korona.

Ijumaa tarehe 13 Machi 2020 ikatangazwa mgonjwa wa kwanza Kenya. Jumapili yake rais akasema shule zifungwe, na vyuo viwe vimefungwa kufikia tarehe 20. Mimi nilikuwa mwanafunzi kama nyinyi, wiki ya nne ya mazoezi, nina wateja sita na daftari jipya na kiburi kidogo. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri, na jioni ile ya kwanza pale Likoni hakuna asiyeikumbuka, watu wako foleni ya feri wakimbilia kwao mara mabomu ya machozi. Tarehe 8 Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, hutoki huingii. Mei tarehe 6 Mji wa Kale nao ukafungwa ndani ya kaunti iliyofungwa, boksi ndani ya boksi.

Na kliniki yetu ya mafunzo ikafungwa pia. Tukatumiwa ujumbe mmoja kwenye WhatsApp, mistari miwili: wateja waendelezwe kwa simu, wanafunzi wawasiliane na wasimamizi wao. Basi. Hakuna mafunzo, hakuna karatasi, hakuna chochote. Kwa simu, sawa. Simu gani? Kredo ya nani? Nikiwa nimekaa wapi?

Nisiwadanganye kwamba ilikuwa sisi peke yetu. Shirika la Afya Duniani liliuliza nchi 130 mwaka huo huo, kwenye asilimia 93 huduma za afya ya akili zilikuwa zimevurugika au kusimama kabisa, na zile zilizohamia kwenye simu na kompyuta zilikuwa nyingi, ila ukiangalia nchi maskini hazikufika nusu. Na tiba ya mbali yenyewe si kitu kipya, msidhani imezaliwa na Zoom. London kuna kasisi mmoja, Chad Varah, alianza 1953 kupokea simu za watu waliotaka kujiua. Nebraska kule Marekani, 1959, madaktari walifanya tiba ya kikundi kwa televisheni ya njia mbili, watu wa huku na wa kule wanaonana na kusikiana. Hapa kwetu watoto walikuwa wakipiga 116, ile namba ya simu ya kusaidia watoto, kabla hata ya korona. Kwa hivyo kilichokuwa kipya si simu. Kilichokuwa kipya ni kwamba sasa mimi, mwanafunzi wa wiki nne, ndiye niliyekuwa nje ya mlango wa mtu. Mimi ndiye napiga hodi. Na hakuna aliyenifundisha adabu ya mgeni, nilifundishwa kupanga viti.

Hilo ndilo nataka kulisema leo. Ukimpigia mteja simu umeingia kwake. Umeingia jikoni, umeingia chumba ambacho watoto wamelala, umeingia penye mume. Na mgeni ana adabu zake, hizo mwazijua kutoka kwenu, hamjaletewa na mzungu yeyote.

Acha niwaambie juu ya mama wa mchele.

Huyu alikuwa Kisauni, nyumba ya vyumba viwili, watu tisa. Kabla ya korona alikuwa akija kliniki kila Jumanne, anakaa kwenye kiti nilichopanga na mkoba magotini, sema alikuwa akimuona mwenzangu, na mwenzangu huyo akaenda kwao bara akakwama huko, basi nikarithishwa mimi. Kwa hivyo sijawahi kumuona. Nampigia mara ya kwanza, nasema kwa ile sauti yetu ya kitaalamu, "Hujambo mama, mimi ni kaunsela wako mpya, je uko mahali penye faragha?" Akanyamaza. Halafu akasema kwa sauti ya juu kabisa, "Mchele wa bei gani?"

Nikamwambia, samahani mama, mimi ni kaunsela. Akasema, "Pishori ama Sindano?" Na mimi hodari, nikamsahihisha mara ya tatu! Akakata simu.

Saa kumi na moja alfajiri kesho yake akanipigia kutoka bafuni, nasikia maji yanamwagika kwenye ndoo, akaniambia kwa kunong'ona, "Mwanangu, wewe wasoma chuo kweli? Mume wangu alikuwa amekaa hapa ubavuni."

Hapo ndipo nilipoanza kusoma chuo, wallahi.

Tukakaa mimi na yeye, yeye bafuni mimi kitandani kwangu, tukatunga. Tangu siku hiyo mimi ni muuza mchele. Akisema "kilo mbili" maana yake kuna mtu karibu, ongea wewe mimi nitasikiliza. Akisema "kilo tano" maana yake kata, nitakutafuta. Na akisema "gunia" maana yake kuna hatari, fanya lile tulilokubaliana. Tulilokubaliana ni kwamba nimpigie dadake anayekaa Bombolulu, namba alinipa, na dadake alijua. Saa ya kikao ikawa alfajiri baada ya swala, mume akiwa amerudi kulala. Mimi wa kuamka saa tatu!

Sasa nawauliza, hiyo faragha ilitoka wapi? Ilitoka kwenye chumba? Hakukuwa na chumba. Ilitoka kwenye fomu? Ile fomu ya ridhaa ina mstari mmoja tu, "mteja atahakikisha yuko mahali tulivu". Mahali tulivu, watu tisa vyumba viwili, mwezi wa Ramadhani, kafyu, watoto hawaendi shule. Ukimuuliza mtu "uko mahali penye faragha" umemuuliza kama ana pesa. Muulize hivi, "nani yuko hapo sasa, na nani anaweza kuingia, na akiingia tutafanyaje?" Faragha tuliitengeneza kwa maneno, mimi na yeye, kama watu wanavyotengeneza kivuli kwa leso.

Sitasema ilikuwa inatosha kila mara. Kuna mteja mwingine alikuwa anaongea akiwa juu ya paa, chini ya tangi la maji, jua la saa nane, nasikia anahema. Nikamwambia tukatishe, akasema hapana, hapa tu ndo niko peke yangu. Nikaendelea na nikajuta, alipata homa. Sikuwa na jibu na mpaka leo jibu zuri sina.

Na yetu sisi je? Mimi nilikuwa naishi na mamangu na wadogo zangu watatu. Nilifanya vikao vyangu kwenye stoo, kati ya magodoro ya wageni na gunia la mkaa, na nawaambia hakuna studio inayoshinda magodoro, sauti haitoki. Lakini mamangu anamuona binti yake anajifungia stoo saa kumi na moja alfajiri na simu, ananong'ona kuhusu mchele. Siku ya tatu akanisubiri mlangoni. "Wewe, wazungumza na nani saa hizi? Nani huyo hana adabu ya kuja kujijulisha nyumbani?" Na mimi siwezi kumwambia ni nani. Nikamwambia ni kazi, mama. Akasema kazi gani ya mchele na wewe hata wali wauchoma.

Kicheko chenu nakielewa, lakini angalieni hilo. Kwenye kliniki siri ya mteja inalindwa na mlango na mtu wa mapokezi. Nyumbani inalindwa na wewe kusemwa vibaya na mamako na usijitetee. Daftari langu la wateja lilikuwa kwenye sanduku la chuma, ufunguo nimeuvaa shingoni na hirizi yangu ya utotoni. Kwenye simu majina yao nimeyahifadhi kwa herufi. Sheria ya kulinda data ilikuwa imeshapitishwa Kenya mwaka uliotangulia, 2019, mwezi wa Novemba, na mimi nilikuwa nimeifanyia mtihani kabisa, sema kwenye mtihani hakukuwa na mdogo wangu wa miaka kumi na mbili anayejua paswadi ya simu yangu.

Hapo hapo kwenye simu, jambo la aibu. Mimi nilitumia laini yangu ile ile ya siku zote. Idd ikaja mwezi wa Mei, na mwajua Idd ile, hakuna kutembeleana, hakuna uwanja, basi mamangu akapika biriani kwa hasira, na mimi nikapiga picha ya sinia nikaiweka kwenye status ya WhatsApp. Picha tu! Alhamisi nampigia mteja mmoja, kijana, alikuwa wa hoteli moja ya Pwani, hoteli zimefungwa wamepelekwa nyumbani bila mshahara tangu mwezi wa tatu. Tumeongea vizuri vizuri, mwisho akasema, "Kaunsela, biriani lenu limetulia. Mlikuwa wangapi?"

Nikakosa la kusema. Yeye Idd yake alikunywa chai na mkate wa jana, alinieleza baadaye. Na huwezi kumlaumu, mimi ndiye niliyemfungulia dirisha. Mwaona? Nilidhani ni mimi tu ninayeingia kwake, kumbe naye anaingia kwangu, na mimi sikupiga deki. Kesho yake nikanunua laini nyingine ya shilingi hamsini, haina picha haina status haina chochote. Nyinyi nunueni kabla ya kuanza, hilo hata msifikirie mara mbili.

Na hela ya kredo. Nasikia minong'ono, ndio, naifikia. Bei ya kupiga simu ni ya nani? Mtu anakaribia kulia, anakaribia kabisa, mara tuu-tuu-tuu, kredo imeisha. Anakutumia ile ya tafadhali nipigie. Sisi wenyewe wanafunzi hatuna kitu. Mwezi ule M-Pesa ilikuwa haikati ada kwa pesa zisizozidi elfu moja, basi kuna mwenzetu alianza kuwatumia wateja wake hamsini hamsini za bando, kwa roho safi kabisa, mwisho wateja wawili wakawa wanapiga kwa ajili ya ile hamsini, na mmoja akaacha kupiga kwa aibu ya ile hamsini. Tulibishana kwenye kikundi wiki mbili. Tulichokubaliana: mpigaji ni kaunsela, kila mara, saa ile ile, na humtumii mteja pesa. Mgeni ndo anapanda matatu kwa nauli yake. Kama chuo chenu kinawaambia mpige na hakiwapi kredo, ulizeni sasa hivi kabla hamjaanza, msiulize mkiwa na deni la Okoa Jahazi, ile kredo ya kukopa.

Haya, kimya. Nataka nikae kidogo kwenye kimya kwa sababu hapa ndipo nilipokosea zaidi.

Tunafundishwa kimya ni dawa. Mteja akinyamaza nawe nyamaza, usijaze. Chumbani ni rahisi, namuona bega, namuona anasugua kidole, najua yumo njiani. Kwenye simu kimya ni nini? Kimya ni kimya au ni mtandao? Kuna kijana babake alifariki Aprili, kule kwao bara, na kufika hawezi, kaunti zimefungwa, na maziko yenyewe yalikuwa watu kumi na tano tu basi. Alitazama maziko ya babake kwenye simu ya binamu, picha inakwama kwama. Wiki tatu ananieleza habari za kazi, habari za mpira usiochezwa, habari za bei ya unga. Wiki ya nne akasema, "Nilizima data kabla hawajashusha jeneza." Halafu kimya.

Sekunde tano. Kumi. Mimi nafanya nini? "Haloo? Haloo? Wanisikia? Haloo?"

Akasema, "Nakusikia kaunsela. Nilikuwa nalia."

Ukasikia wapi uchungu kama huo. Mtu amebeba kitu wiki tatu amekiweka chini, na wewe unaita haloo kama kondakta.

Msimamizi wangu, mama mmoja mkali sana lakini Mungu amuweke, hakunigombeza. Akaniuliza, "Bibi yako akipiga simu, wewe husikiliza vipi?" Nikamwambia, nafanya enhee, mmh, naam bibi. Akasema, "Basi mbona kwa wateja umezimeza?" Na ni kweli. Sisi watu wa huku tuna sauti za kusikiliza chungu nzima, mtu hawezi kukusimulia kitu mpaka umuitikie, hadithi hadithi, hadithi njoo, tumezaliwa tunaitikia. Halafu tunaingia darasani tunajifunza kunyamaza kama kwenye picha za vitabu vya Ulaya. Kuanzia siku hiyo kikao cha kwanza na kila mtu namwambia mapema, "Nikinyamaza nipo. Ukinyamaza nitakuwa nasema mmh taratibu ili ujue laini haijakatika. Ikikatika nitapiga mimi, mara tatu, usihangaike." Na ile mmh, jamani, ifanyieni mazoezi. Kuna mmh ya endelea na kuna mmh ya umeniudhi. Kwenye simu hazina uso wa kuzitenganisha.

Upande wa pili, simu inafungua watu haraka kuliko chumba. Mwanasaikolojia mmoja Mmarekani, John Suler, aliandika 2004 kwamba mtu asipoonekana huacha breki, na huo ulikuwa wakati wa baruapepe, korona haipo. Niliiona kwa macho yangu, au niseme kwa masikio. Watu walikuwa wananiambia dakika ya tano mambo ambayo ofisini ningeyasikia mwezi wa tano. Na mwanafunzi akiambiwa jambo zito mapema hufurahi, hujiona amekuwa bingwa. Usifurahi. Wiki inayofuata hapokei simu. Ameona haya. Amejivua nguo gizani halafu asubuhi amekumbuka. Kwa hivyo mtu akianza kukimbia, mshike polepole, "hilo nimelisikia, na ni kubwa, twende pole pole, leo na kesho ipo." Nilipoteza wateja wawili kabla sijalijua hilo.

Video? Nitapita haraka. Wenye bando na simu nzuri tulifanya nao video, na niliumwa kichwa mwezi mzima, mwisho nikagundua najitazama mimi. Nimekaa dakika hamsini najikagua mtandio. Ziba ule upande wako kwa kipande cha karatasi, mteja asione, maisha yaendelee.

Sasa hatari. Hapa naomba simu mziweke chini.

Kijana mwingine, si yule wa msiba. Jioni, kikao cha mwisho cha siku. Sauti iko chini, iko tambarare. Akasema amechoka, hana haja na kesho. Nikamuuliza moja kwa moja kama tunavyofundishwa, je anafikiria kujiua, akasema ndio. Na hapo nikagundua kitu kilichonitia baridi: sijui yuko wapi. Fomu inasema Likoni. Nasikia mbuzi. Likoni mbuzi wapo, sawa, lakini hawa walikuwa mbuzi wengi. Nikamuuliza, "Leo uko wapi?" Alikuwa Kinango, kwa bibi yake, ameenda wiki ya kabla ya kufungwa na hakuwahi kuniambia kwa sababu sikuwahi kuuliza. Mimi nina simu moja, iko sikioni. Nikagonga ukuta wa stoo, mdogo wangu akaja, yule yule wa miaka kumi na mbili, nikamuandikia kwenye karatasi namba ya msimamizi na maneno matatu. Akapiga kwa simu ya mama. Msimamizi akaniandikia kupitia mtoto nifanye nini. Nikamuomba kijana anipe jina la mtu mmoja tu aliye karibu, akanipa binamu, na ruhusa ya kumuita. Nikakaa naye kwenye simu mpaka nikasikia mtu wa pili ameingia kwenye kile chumba, na chaji yangu asilimia nne.

Na mwajua binamu aliuliza nini kwanza, kabla ya salamu? "Polisi watamshika?"

Kwa sababu sheria yetu ya makosa ya jinai, kifungu cha 226, ilikuwa inasema kujaribu kujiua ni kosa, kifungo mpaka miaka miwili. Watu walikuwa wanaogopa hospitali kuliko mauti. Mahakama Kuu ilikuja kusema Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha katiba, na mimi siku hiyo nililia nikiwa kwenye tuktuk, dereva akafikiri nimefiwa. Lakini 2020 ilikuwepo, na ile hofu haijatoka kwa watu kwa sababu jaji amesoma hukumu. Mtaikuta.

Kwa hivyo kila kikao, kila kikao jamani, hata mteja umemzoea, hata jana mliongea, swali la kwanza baada ya salamu: leo uko wapi, na nani yuko karibu nawe? Mgeni gani anaingia nyumba asiyojua iko mtaa gani? Namba ya mtu wa karibu iwe umeshaipata siku ya kwanza, na ruhusa ya kuitumia, na simu ya pili iwe mkononi hata kama ni kabambe, ya vitufe tu.

Na wewe baada ya hapo? Nilikata simu saa moja na robo. Kafyu imeshaanza, nje kimya, mbwa tu. Nikatoka stoo. Mamangu akasema, "Umemaliza? Njoo ukune nazi."

Nikakuna nazi. Nikakuna nalia, mamangu akanitazama, akachukua mbuzi ya nazi mikononi mwangu akakuna mwenyewe, hakuniuliza neno. Mimi nilikuwa nimezoea kutoka kliniki napanda matatu mpaka feri, nasimama pale mbele upepo unanipiga, nikishuka ng'ambo ya pili hadithi za watu nimeziacha majini. Sikujua ile feri ilikuwa sehemu ya kazi. Mpaka iliponyang'anywa. Kutoka stoo mpaka jikoni ni hatua kumi na moja, nilizihesabu, hatua kumi na moja hazitoshi kutua mzigo. Msimamizi akanifundisha: vaa kama unaenda kazini, buibui, viatu, toka nje zunguka nyumba mara moja, ingia stoo. Ukimaliza, toka, zunguka, vua viatu. Majirani walisema nimerogwa. Nilizunguka nyumba yetu mpaka Julai tarehe 7 walipofungua kaunti, na baada ya hapo pia. Na kila Jumamosi usiku wanafunzi sita tulikuwa tunapigiana simu, bila jina la mteja hata moja, tunasema tu wiki imetufanya nini. Siku zingine tulikuwa tunacheka ujinga tu. Wawili kati ya wale sita waliacha kozi, na mimi siwalaumu, hawakuwa dhaifu, hawakuwa na stoo.

Naona mwandalizi ananionyesha saa. Namalizia mama wa mchele, najua mwataka kujua.

Mei ile ile, saa kumi na moja na nusu jioni, simu ikalia, si saa yetu. Nikapokea, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeagiza dukani, "Dada wa mchele, leo nataka gunia." Nikasema, "Sawa mama, linakuja." Nikakata. Mikono yote miwili inatetemeka. Nikapiga Bombolulu, nikapiga 1195, namba ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili wa kijinsia, kwa simu ya mama, nikapiga kwa msimamizi. Kafyu saa moja. Dadake akatoka kwa miguu, na mumewe na shemeji yake, wakafika wakasema wamekuja kuomba sukari, wakakaa, wakazungumza na yule mume habari za korona, wakaondoka na sukari na mama na watoto wawili wadogo. Saa moja kasoro dakika sita nikapata ujumbe: "Gunia limefika."

Hatukuwahi kuonana. Tuliendelea kwa simu mpaka mwaka uliofuata, halafu akasema sasa naona nimepona njaa, tukaagana. 2022 niko ofisini kwangu, ofisi kabisa, viti nimevipanga upande upande, nikasikia mlangoni, "Hodi. Wa mchele yupo?"

Sikumjua kwa uso. Mwanamke mrefu, leso ya kijani, ameshika mfuko. Lakini ile sauti ningeijua hata kaburini. Nikasimama, na sijui nilichosema. Yeye akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, akasema, "Kumbe wewe mfupi hivi!" Akaniwekea mfuko mezani. Pishori, kilo mbili. Nikageuka nikatazama nani yuko karibu.

Haya, maswali. Yule wa nyuma umenyoosha mkono tangu biriani, anza wewe.